Kazungu Wawili, Rekodi Moja

Leo nimegundua kwamba nimemfuta mtu.

Mnajua nasomea mifumo ya taarifa pale chuo kikuu, kitivo cha biashara. Mradi wangu ulikuwa kuingiza kwenye kompyuta kadi za wafanyakazi wa bandarini wa miaka ile kabla ya uhuru. Majina yaliyojirudia nikayafuta. Mwalimu akasifu, kadi zenyewe zikachomwa.

Asubuhi hii akaja chuoni mzee mmoja kutoka Mwakirunge.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nataka kadi ya ndugu yangu, Kazungu Charo. Aliangukiwa na mzigo melini, hakuacha hata picha. Kwenye kadi kuna alama ya dole gumba lake."

Nikatafuta. Kazungu Charo yuko mmoja tu, mlinzi.

"Huyo ni mimi," akasema. "Ndugu yangu alikuwa kuli."

Akanifafanulia: baba mmoja, wake wawili, na mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mke akapewa jina la babu yake.

Wallahi hata kwetu Likoni tunao Ali mkubwa na Ali mdogo. Nalijua hili tangu utotoni. Kompyuta ndiyo haijui, na mimi sikuiambia.

Nikamweleza kwamba mfumo haukubali jina moja mara mbili.

Akaligusa jina lile kwenye skrini kwa dole gumba. (Bora angenitukana.)

"Kama anatakiwa mmoja tu," akasema, "basi nifute mimi, umrudishe yeye."

Nimemwambia arudi Jumatatu. Sikumwambia kwamba kadi zimechomwa.

Nyie niambieni, Jumatatu nitamwambia nini?