Sindano ya Dada Nhan

Dada Nhan, bosi wetu wa cherehani hapa Saigon, alirithi santuri moja ya mama yake, ila gramafoni hakuwa nayo. Nikamsindikiza sokoni na hela zake, dong milioni mbili.

Khoi, muuza mitumba, akamletea ya sanduku jekundu. "Hii ndiyo yenyewe, dada! Ina spika humo humo."

Dada akatoa kipande cha hariri, akakivuta polepole chini ya sindano, kama anavyojaribu sindano zetu kila Jumatatu. Uzi ukanasa, ukatoka.

"Jembe hili! Litalima santuri ya mama yangu. Lete ile," akaonyesha gramafoni nyingine pembeni.

"Ile kuukuu? Haina hata spika!"

Chini ya sindano ya ile, hariri ilipita salama. Dada akalipa, hela ikaisha.

Dukani mumewe akacheka. "Umenunua bubu!"

"Nyamaza wewe. Zimeni cherehani!"

Cherehani sita, ambazo hazizimwi hata bibi harusi akija analia, zikanyamaza. Dada akaiweka santuri ya mama yake, ikazunguka; tukainama. Kwenye ncha ya sindano, sauti nyembamba kama ya mbu ilikuwa ikiimba.

"Msipumue kwa nguvu," mumewe akatukaripia.