Maji Juu ya Kikome

Jirani yangu hapa Dodoma akimaliza kupika hulimwagia maji jiko lake la mkaa, ili mkaa uliobaki aukaushe, autumie kesho. Simlaumu, mkaa siku hizi si wa kuchezea. Lakini jioni mvuke ule unapopenya chini ya mlango wangu, na ile harufu ya majivu yaliyolowa, chachu kidogo, mimi huacha kula. Nabaki nimekaa tu, tonge mkononi. Sababu yenyewe iko mbali, Kigwa, kule Tabora, nyumbani kwa babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa mkulima. Alilima mahindi, karanga na viazi vitamu, na matuta yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba nikijilaza nyuma ya tuta alikuwa hanioni. Akinishika shavu, kiganja chake kilikwaruza kama gome la mti wa mtundu. Mchana hakuwa na maneno. Maneno yake aliyaweka akiba ya jioni, ya kikome.

Kikome ni moto wa wanaume. Huwashwa nje, mbele ya nyumba, jua likizama, na wanaume wa jirani huja na vigoda vyao. Kila nyumba huleta ugali wake na mboga yake, wakala pamoja. Wanawake na watoto wa kike hula jikoni. Mwanamume aliyekula ndani alisemwa kijiji kizima: anaficha nini huyo? Na kikome cha babu kilikuwa na sifa yake, maana kilikuwa kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na mizigo yao wakielekea pwani. "Moto huu," alipenda kusema, "umelisha watu ambao hata majina hatukuwauliza." Ukipita jioni ukauona, unakaribia, unanawa, unakula. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake yote.

Nilipopelekwa kuishi kwake, nikiwa darasa la nne, bibi alikuwa ameshafariki, na wanakikome walikuwa wamekwisha mmoja mmoja. Wengine walikuwa makaburini, wengine walifuata watoto wao mjini. Wa mwisho, Mzee Mihayo, mtani wake wa ukoo na rafiki yake tangu ujana, alihamia Sikonge kulima tumbaku na mwanawe. Mama yangu alikuwa Tabora mjini, akiuza chakula stesheni, akilala katika chumba ambacho alisema hakitutoshi mimi na yeye na masufuria yake.

Basi tulibaki wawili, na tulikula hivi: nilisonga ugali, nikapakua, nikambebea babu wake nje pamoja na maji ya kunawa, kisha nikarudi jikoni kula wangu. Yeye kule motoni na vigoda vitupu, ambavyo alivifuta vumbi kila jioni. Mimi huku na mafiga na paka. Ua uliotutenganisha ulikuwa mdogo, mmoja akikohoa mwingine anasikia.

Ugali alitaka uwe mkubwa. "Mke wangu," aliniita, kama mababu wanavyowatania wajukuu, "ongeza unga. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Niliipenda methali hiyo, kwa kuwa mgeni akija na kuku huchinjwa. Lakini wageni walikuwa wa kuhesabika. Mara mojamoja mwenye baiskeli alikata kona akaja, na sauti ya babu ikapanda, nikamsikia anacheka kicheko ambacho mchana sikukisikia kamwe. Jioni nyingine ilipita treni ya abiria tu, imewasha taa, na babu aliitazama mpaka behewa la mwisho.

Mimi nilikuwa nikimlilia mama. Si kwa sauti. Nilikaa peke yangu mbele ya ugali. Nilimega, nikachovya kwenye nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga ambayo kwa mama nilikuwa nalamba mpaka chungu, na tonge likakataa kushuka. Nikawa nauficha ugali, alfajiri nawamwagia kuku nyuma ya jiko. Sketi ya shule ikaanza kunipwaya, nikaibana kwa pini. Niliamini hakuna aliyejua.

Siku moja babu alisema anakwenda Sikonge. Aliniacha kwa mke wa katekista, akapanda baiskeli yake, akaondoka. Safari hiyo kwa baiskeli si ya mchezo hata kwa kijana. Siku aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi. Nikajua amefuata asali.

Jioni ile nilisonga ugali kama kawaida, na yeye akawasha kikome kama kawaida. Nilipotaka kumpelekea maji ya kunawa nikamkuta mlangoni pa jiko, ameinama asigonge kichwa, kigoda mkononi.

"Moto umezimika," alisema.

"Umezimikaje, babu?"

"Mvua."

Nilichungulia nje. Ilikuwa kiangazi, na mbingu ilikuwa nyeupe kwa ukavu.

"Sogea, mke wangu. Na leo nisikute mabuje ya unga mbichi kwenye ugali, maana nauona tangu sufuriani."

Tulikula sahani moja. Kila alipomega alidai amekuta buje, akalitafuna kwa makelele kama anayevunja mfupa, nami nikacheka mpaka nikapaliwa. Nilipoitazama sahani, haikuwa na kitu. Asubuhi nilikwenda kutazama kikome. Majivu yalikuwa tope, na ndoo ya bustanini imelala kando. Harufu ilikuwa hii hii ya jiko la jirani yangu.

Siku iliyofuata alisema kuni ni mbichi. Baadaye ikawa upepo. Mwisho visingizio vilimwishia, akawa anakuja tu. Na mimi, jamani, nilivimba kichwa. Mama alipokuja Krismasi nilimtangazia kwamba babu anaogopa kukaa peke yake, ndiyo maana nakula naye. Mama alimtazama babu. Babu akasema jembe lake limelegea mpini, akatoka.

Alifariki nilipokuwa nimeshaanza kazi. Kwenye matanga watani walifanya kazi yao mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Mzee Mihayo, macho yamefifia, alijilaza pale kilipokuwa kikome, akasema haondoki mpaka marehemu aje amnawishe. Kisha akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemleta ndugu yangu kwangu na baiskeli. Kafika, hata maji hajanywa, ananiambia, mtoto hali. Ugali anawapa kuku. Nikamwambia, mtoto akiwa peke yake hali, nenda kakae naye. Akasema, na kikome cha baba nikiache? Mpita njia atajuaje pa kugeukia? Ndipo nikamwambia neno ambalo ni mtani tu anayeweza kulisema. Kimwagie maji hicho kikome, mpumbavu wewe."

Alicheka, halafu akafuta macho kwa kofia yake.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko, pale walipokuwa wakidonoa kuku wale. Miaka yote nilijisifu kwamba mimi ndiye niliyemwondolea babu upweke. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Kuna jambo ambalo hata Mzee Mihayo hakulijua, nami nililiona mara nyingi nisilielewe. Tukiwa tunakula jikoni, wakati mwingine mtu alipita njiani. Tulisikia mnyororo wa baiskeli, au kandambili. Babu alisimamisha tonge, akageuza uso mlangoni. Nikimuuliza kama ni fisi, alijibu ndiyo, ni fisi, kula. Yule mtu akifika usawa wa kikome alipunguza mwendo, kwa mazoea, akaona giza, akaendelea na safari yake. Babu alingoja mpaka hatua ziishe kabisa. Kisha akachovya tonge lake, na sahani akaigeuza, upande wenye karanga ukaja kwangu.