Baba alivyotambua mieleka ndani ya kung fu yetu, Kericho miaka ya sabini

Wakuu, nawasalimu kutoka Kericho, ambako leo baridi imeingia mpaka kwenye mifupa.

Mimi kawaida yangu humu ni kusoma na kunyamaza. Lakini juzi nimeona vijana wakibishana karibu watukanane, eti form za kung fu, yaani ile mifululizo ya movements za mazoezi, ni dansi tu, hazina kazi kwenye vita.

Nikasema hapana, hili nina la kusema. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, na mgongo wangu ni shahidi. Asiyeamini sitamshika shati.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nachuma majani chai kwenye estate moja si mbali na Kapsoit. Sisi ni Wamaragoli. Baba alikuja huku kutafuta kazi, akapata ya boiler kiwandani, na sisi tukazaliwa na kukulia kwenye laini za wafanyakazi.

Mwalimu wetu wa kung fu alikuwa Kipng'etich, Mkipsigis wa hapo hapo Kapsoit. Alikuwa ameenda Tanzania akaendesha tingatinga kwa Wachina waliokuwa wakijenga reli. Kila asubuhi aliwaona wakifanya mazoezi. Akawa anajipanga nyuma yao, anaiga, mpaka akaishika form nzima.

Shida ilikuwa moja. Yeye hakujua Kichina, na wao Kiswahili chao kilikuwa cha "lete spana". Kwa hiyo alirudi na movements zote, lakini hakuna hata moja aliyoelezwa ni ya nini.

Ukimuuliza, "Mwalimu, hii ni ya kufanya nini?" anakujibu, "Wewe fanya tu. Hata mimi nilifanya tu."

Tulikuwa vijana watano. Tulikuwa tumeona filamu za kung fu mjini na tulichotaka ni kuruka na kupiga watu mateke. Badala yake Kipng'etich akatupa kusogea polepole, magoti yanatetemeka, Jumamosi alfajiri, uwanja wa mpira umejaa ukungu.

Tulianza kwa kuinama, ngumi ndani ya kiganja, tukiangalia jua linakotokea. Tuliangalia huko kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtaro, na mmoja wetu alishawahi kuingia.

Sasa mama zetu wa kanisa wakipita kwenda mtoni wanaona nini? Wanaona vijana wamejipanga kwenye ukungu, kimya kabisa, wanainamia jua.

Jumapili iliyofuata habari ikafika kanisani. Watoto wanaabudu jua.

Msicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa na uchumba na Rodah, na harusi yetu ilishatangazwa kanisani iwe Disemba. Baba yake Rodah akasema wazi kwamba hatoi binti kwa mpagani. Kamati ya wazee wa kanisa ikiamua kwamba ile ni ibada, natengwa, na harusi imekwisha.

Kamati ikataka mtu aende kuangalia kwa macho yake, halafu alete ripoti. Wakamtuma mzee wa kanisa ambaye kila mtu alijua hasemi uongo hata ukimpa shamba. Huyo mzee alikuwa baba yangu.

Hapa lazima niwaeleze kitu kimoja ndipo mnielewe. Katika kanisa letu mieleka pia ilikuwa marufuku. Kule nyumbani mieleka na pombe ya matanga zilikuwa zinaenda pamoja, kwa hiyo waliookoka waliziacha zote mbili. Kijana akishikwa alionywa. Mzee wa kanisa akishikwa alivuliwa uzee na kurudishwa benchi la nyuma mpaka kamati iridhike.

Haya, turudi uwanjani.

Jumamosi baba akaja. Koti, kofia, Biblia kwapani. Akamsalimia Kipng'etich, akasimama pembeni. Hakuniangalia usoni.

Tukafanya form mwanzo mpaka mwisho. Alipoona imeisha akaniambia, "Rudia peke yako. Polepole."

Nikarudia. Kuna mahali mguu wa kushoto unaingia mbele, mkono wa kulia unavutwa mpaka kiunoni, mkono wa kushoto unafagia hewani, halafu unageuka unaangalia nyuma.

"Simama hapo hapo," baba akasema. "Huo mkono wa kiunoni umeshika nini?"

"Haujashika kitu, baba. Ni ngumi inajiandaa."

"Inajiandaa huko nyuma? Mtu wako yuko huku mbele."

Nikamtazama mwalimu. Kipng'etich naye akaanza kuangalia viatu vyake.

Nilimwona baba anaangalia mguu wangu, anaangalia mkono, anaangalia mguu tena. Halafu akavua koti. Akalikunja, akaliweka kwenye nyasi, akaweka Biblia juu yake. Akaniambia nimsukume kifuani.

Nilimsukuma kwa adabu. Akasema, "Sukuma kama mwanaume!"

Nikasukuma. Sijui niseme nini zaidi, wakuu. Mkono wangu ulivutwa mpaka kiunoni kwake, mguu wake ulikuwa umeshaingia nyuma ya wangu, kifua changu kikafagiwa, na mimi nikawa nimelala chali kwenye umande naangalia mbingu. Yeye alikuwa amegeuka ananiangalia pale nilipoangukia. Ile ile "angalia nyuma" ya kwenye form.

Yaani mkono wa kiunoni ulikuwa umeshika mtu muda wote. Ni sisi hatukuwa na mtu wa kuweka pale.

Kumbe baba alikuwa mpiga mieleka kabla ya kuokoka. Hakuwahi kutuambia. Mama tu ndiye alijua.

Basi akasahau kabisa alichotumwa. Tukapitia form kipande kwa kipande. Ile ya kuchuchumaa mguu mmoja umenyooka, mkono unateleza chini kufuata mguu, sisi tuliona ni ya kukwepa teke. Baba akamwingia Kipng'etich hivyo hivyo, mkono katikati ya mapaja, akainuka naye mabegani kama gunia la majani.

Kipng'etich akapiga kelele huko juu, "Hii naijua! Hii tulikuwa tunapigana nayo malishoni!"

Mtu amefundisha kitu muda wote huo, na anakitambua siku amebebwa nacho.

Niwe mkweli pia, si kila kitu kilipata maana. Kuna mahali mikono inazunguka mara kadhaa kifuani. Baba aliijaribu, akaitazama, akasema, "Hii ni maringo." Mpaka leo sijaona aliyetoa maelezo bora kuliko hayo.

Lakini kitu ninachokumbuka kuliko mshiko wowote ni kwamba tangu nimekua, baba hakuwahi kunishika mwili. Tulikuwa tunasalimiana kwa mkono tu, kama watu wa ofisi. Asubuhi ile aliniangusha na kuniinua mpaka jua likatoka, na nilifurahi kama mtoto.

Furaha iliisha njiani tukirudi. Akasimama katikati ya majani chai, akaniuliza, "Sasa kesho nitawaambia nini?"

Nikamwambia, "Waambie ni mazoezi tu ya viungo. Si uongo mkubwa."

"Ni uongo," akasema. "Nimeishika mieleka kwa mikono yangu."

Hakulala vizuri. Mama aliniambia.

Jumapili baada ya ibada kamati ikakaa mbele, sisi wahusika tukasimama. Mchungaji akauliza, "Mzee, umeona. Ni ibada au si ibada?"

Baba akainuka. "Si ibada. Ni mieleka. Mchina ameificha ndani ya mazoezi, lakini mimi naijua, kwa sababu niliicheza zamani. Vijana hawa hawakujua ni mieleka. Aliyeicheza pale uwanjani jana akijua ni mimi."

Baba yake Rodah alikuwa ameketi palepale, akamwangalia baba yangu kwa muda mrefu, akamwinamia kichwa.

Sisi tulionywa, basi. Harusi ikabaki palepale. Baba akavuliwa uzee, akarudishwa benchi la nyuma.

Disemba ikafika na kamati bado haijaridhika. Baba wa bwana harusi hukaa mbele, nyote mnajua. Wangu alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Wajomba zake Rodah walidhani ameikataa ndoa.

Mama alikuwa amewekewa nafasi yake mbele. Kabla Rodah hajaingia, akainuka, akatembea kati ya watu wote wakimwangalia, akaenda kukaa na baba kule nyuma.

Nililia wakuu. Watu walidhani ni furaha ya kuoa.

Nilichojifunza ni hiki. Form peke yake ni nusu ya habari. Mkono ukivutwa kiunoni, jiulize umeshika nini. Mguu ukiingia, jiulize uko nyuma ya mguu wa nani. Na kabla hujaenda kutafuta majibu YouTube, muulize mzee wako nyumbani. Hujui alikuwa nani kabla ya kuwa baba yako. Wangu alijulikana mara moja tu, na ikamgharimu kiti chake ili mimi nioe.

Uwanja ni wenu. Mnaojua mieleka ya kwenu, semeni huo mshiko mnauitaje. Na nyinyi wa "ni dansi" pia njooni, leo sigombani na mtu.