Hesabu ya mtaro iliyompeleka mwalimu wangu kizuizini

Wakuu, salamu kutoka Kibugu, ambako mvua haijaamua kama inanyesha ama inaacha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mzee, cucu, yaani nyanya, wa watu. Hii simu nilinunuliwa na mjukuu, akaniwekea hili jukwaa ili niache kumpigia kila saa. Ninayosema hapa yalinipata mwenyewe. Anayetaka kubisha abishe, lakini amalize kusoma kwanza.

Juzi kuna mwalimu kijana aliandika humu kwamba watoto wa siku hizi ni vichwa ngumu, eti volume, yaani ujazo, haiingii hata uwafanye nini.

Tangu nisome hayo maneno sikai. Nainuka, naketi, namimina chai, inapoa. Wacha niseme nitulie.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari Mwingereza alipokuwa anapigana na Mau Mau, nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumetolewa mashambani kwetu tukarundikwa kijiji kimoja, nyumba zimebanana hadi jirani akikohoa unamwambia pole. Kati ya kijiji na msitu serikali ilitaka mtaro, ili watu wa msituni wasipate chakula kutoka kwetu.

Waliouchimba ni mama zetu. Asubuhi filimbi, jembe, karai, na homgadi, askari wa kijiji aliyewekwa na serikali, amesimama juu na bunduki. Mama yangu alikuwa anarudi jioni mikono imepasuka, hata mwiko hawezi kushika. Alikuwa anasema huko chini ni pembamba, wanawake wawili wenye karai hawapitani, mmoja lazima arudi nyuma.

Hayo maneno yawekeni akiba. Mimi sikuyaweka, ndiyo maana naandika.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Nyaga. Kijana mwembamba, hatulii, akifundisha anatembea hadi unashikwa na kizunguzungu. Kitabu chetu kilitoka Uingereza. Kilituuliza bafu ya bwana fulani inajaa kwa galoni ngapi.

Bafu, wakuu! Sisi tulioga kwa karai, tena maji ya kugombania. Tulimtolea macho tu.

Siku moja akafunga kile kitabu kwa kishindo. Akauliza, "Mama zenu wametoa udongo debe ngapi kwenye ule mtaro?"

Tukainua vichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuuliza kitu ambacho sisi wenyewe tulitaka kujua.

Akatutoa nje, kwa kile kipande cha karibu na shule kilichokuwa kimekwisha. Alikuwa na kamba ya katani yenye fundo kila futi moja. Tukapima urefu, futi mia. Upana juu, futi kumi. Tukafunga jiwe kwenye kamba tukalishusha, kina futi nane. Alikuwa ametengeneza kisanduku cha mbao cha futi moja kila upande, tukakijaza udongo, tukaona kinatoa debe moja na nusu.

Wee! Watoto ambao jana walikuwa wanasinzia, leo wanagombania kamba.

Tukazidisha. Debe elfu kumi na mbili! Tukapiga kelele. Mwalimu akacheka, akasema, "Mmekosea nyote. Kesho mje tuangalie mtaro wenyewe, si daftari."

(Samahani, nilienda kupunguza moto, maharagwe yalikuwa yanaungua.)

Mimi sikungoja kesho. Nilitaka kujua mama yangu peke yake ametoa debe ngapi. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeona ile mikono.

Nikamuuliza, "Mama, kwani mko wangapi pale?" Alinikata jicho hilo, nikajua nimekosea. "Watu hawahesabiwi, wewe! Unataka wafe?"

Huku kwetu ndivyo ilivyokuwa. Huhesabu watoto wa mtu, huhesabu watu waliokaa pamoja. Ukiwataja kwa idadi unaita mabaya.

Basi nikatafuta njia. Nilikuwa nimechora ule mtaro kwenye daftari, na vipimo vyake vyote. Nikamwambia ataje majina tu. Kila jina, nikachora kamstari kamoja kando ya mtaro. Nikafunga daftari bila kuhesabu. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi homgadi walikuwa mlangoni pa shule wanapekua mifuko. Mmoja akafungua daftari langu akasimama hapo hapo.

Mtaro. Urefu, upana, kina. Na mistari imejipanga kando kama jeshi. Kwake ile ilikuwa ramani: hapa pa kuvukia, na hawa ndio watakaovuka.

Mwalimu Nyaga alikuja mbio. "Mwacheni mtoto, hiyo hesabu nimetoa mimi." Tukachukuliwa wote wawili hadi kwa D.O., mkuu wa tarafa, Mzungu kijana, na mkalimani wake.

D.O. alisema, kama kweli ni hesabu, mtoto aifanye hapa. Nikapewa chaki na kifuniko cha sanduku. Nikafanya. Elfu kumi na mbili. Yeye akafanya yake kwenye karatasi, akaitikia kwamba ni sawa.

Nikamwangalia mwalimu nione kama amefurahi. Alikuwa anatikisa kichwa polepole. Hapana, hapana.

D.O. akaweka kidole kwenye ile mistari. "Na hii?"

"Ni mama zetu."

"Wangapi?"

Nikamwangalia mwalimu tena. Bado anatikisa kichwa. Nikaelewa ananiambia nisihesabu. Na mama yangu alikuwa mmoja wa ile mistari, wakuu. Nikanyamaza. Nikaulizwa mara ya pili, ya tatu. Kimya.

D.O. akasema, na mkalimani akatuambia: "Mtoto anajua maelfu ya debe, lakini hawezi kuhesabu mistari aliyochora mwenyewe? Huyu amefundishwa kuficha."

Mimi nilirudishwa nyumbani na kiboko cha miguu. Mwalimu Nyaga alipandishwa Land Rover. Hakuruhusiwa hata kuchukua koti lake.

Akaletwa mwalimu mwingine, tukarudi kwa bafu.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Lakini nilijua. Nambari moja tu ningesema na mtu angelala kwake. Nikaacha kupita kando ya ule mtaro. Nilizunguka njia ya juu, miaka yote ile.

Mwalimu Nyaga alirudi kutoka kizuizini wakati mitaro imeanza kufukiwa na watu wanarudi mashambani. Mimi nilikuwa nimeanza kusaidia kufundisha watoto wadogo kwenye shule ile ile. Mchana mmoja nikageuka, nikamwona mlangoni. Amekonda, meno mawili hana.

Nililia kabla ya salamu. "Mwalimu, nisamehe. Ningehesabu ile mistari wangekuachilia. Lakini wewe ulitikisa kichwa!"

Akashangaa kabisa. "Nilitikisa kichwa kwa sababu ya elfu kumi na mbili."

Nikafuta machozi nimwone vizuri.

"Mlizidisha upana wa juu," akasema. "Hata yule Mzungu. Kwani mama yako hakukuambia huko chini kulikuwaje?"

Wakuu, nilikaa chini. Pembamba. Wawili hawapitani. Mama alisema kila jioni na mimi nilikuwa nimeshika kalamu, sikuandika.

"Chini ni futi mbili," akasema. "Nilishuka nikapima kabla ya kuwapa." Akachukua chaki akanipa. "Rudia."

Nikarudia, mbele ya watoto wangu mwenyewe, kamasi inatoka. Juu kumi, chini mbili, jumla kumi na mbili, nusu yake sita. Sita kwa nane kwa mia, kisha kila futi debe moja na nusu. Debe elfu saba na mia mbili. Akaweka alama ya vema, kubwa, na mkono wake ule ule.

Nikajikaza nikauliza, "Na ile mistari?"

Akafuta chaki kwenye suruali. "Hata mimi singesema. Mama yangu pia ulikuwa umemchora."

Funzo, kwa yule kijana wa juzi. Mtoto si kichwa ngumu. Umempa bafu ambayo hajawahi kuiona. Mpe kitu kinachomuuma, atakitafuta mwenyewe hadi umwombe aende nyumbani. Na mwambie asikilize waliokigusa kwa mikono, kwa sababu mimi nilikuwa na jibu sahihi nyumbani kwangu, na kosa langu likapita mbele ya mkubwa mzima likaitwa sawa.

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na kamba ya katani mkononi. Wakaguzi walininung'unikia. Wanafunzi wangu wakapita.

Haya, semeni sasa. Walimu mlio humu, volume mnaifundishaje? Na wewe kijana wa juzi, mtaro ndio huo: juu futi kumi, chini tano, kina tisa, urefu mia mbili. Nipe debe. Nitasahihisha hapa hapa.

Akina mama waliouchimba tu ndio usinihesabie.