Gurudumu la Marehemu Mdogo Wangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kwa kuosha spana za watu, na leo gereji hii ya mtaa wa Bulla Pesa ni yangu na ploti ya nyuma ni yangu. Pikipiki ikiletwa siinuki hata kwenye stuli. Naisikiliza tu nikinywa chai, nataja ugonjwa, na sikosei.

Ile ya umeme ya mdogo wangu ndiyo haikuwa na sauti. Alikuwa akinijia nayo kimya mpaka mgongoni, ananishika bega, anacheka: "Kaka, masikio yako yamekufa!" Kisha akafa yeye, kwa kifua, wiki mbili tu. Hospitalini sikwenda. Gereji ilikuwa imejaa kazi.

Baada ya matanga mjane wake aliisukuma mpaka kwangu.

"Shemeji, angalia breki tu. Jumatatu kuna dereva anaichukua. Watoto wanaitegemea hii."

"Jumatatu utaipata. Mimi ni nani?"

Gerejini kwetu hatufungui kitu kabla ya kuosha. Nikaipiga maji ya presha kutoka usukani mpaka gurudumu, nikaisimamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likaning'inia, nikawasha ufunguo. Kimya. Nikaiacha hivyo, nikaketi kwa chai.

Ilikuwa Ijumaa mchana, majirani wako msikitini. Upepo ukanigusa shingoni. Kugeuka, gurudumu la nyuma linazunguka. Polepole, halafu mbio, na usukani hauna mtu. Bega langu likawa baridi, palepale alipokuwa akinishika. Nikamwita kwa jina, nikamwomba msamaha kwa sauti, halafu nikatoka mbio.

"Haiya! Fundi mkubwa anakimbizwa na pikipiki iliyosimama!" akacheka mama anayeniuzia chai hapo nje.

Shemeji, aliyepigiwa simu na mama huyo, alipofika alizima ufunguo, akainama.

"Uliiosha kwa presha?"

"Naosha zote."

Akanionyesha kama mume wake alivyomwonyesha. Betri chini ya kiti ndiyo tangi. Mota imejificha ndani ya gurudumu, haina mnyororo. Sanduku la chuma katikati ni kontrola: linapokea amri ya mshiko wa usukani, ule unaokazwa kuongeza mwendo, kisha linapima moto wa betri wa kupeleka kwa mota.

"Maji yameingia kwa mshiko. Kontrola inadhani kuna mtu amekaza mkono."

"Mtu gani?"

Akanirushia kitambaa. Tukaikausha, nikawasha tena, na kontrola ikatoa harufu ya kuungua. Shemeji akaketi juu ya tairi kuukuu, akafunika uso kwa leso.

Nikaagiza vipuri Nairobi. Vikaja kwa basi Jumapili, nikavifunga yeye akinielekeza waya kwa waya. Jumatatu dereva aliondoka nayo bila sauti, na mimi nikajikuta nimegeuka kutazama nyuma yangu. Bado nageuka, hata nikiwa nimeegemea ukuta.

Shemeji alitaka kuchangia, nikakataa. Kontrola, mshiko na ada ya basi nililipa peke yangu: shilingi elfu kumi na saba, mia nne na sitini.