Msiba wa Mgeni, Homa Bay

Homa Bay ya miaka ile ya sitini, kitu chochote nilichokitaka kilikuwa kimefungwa, kimeisha, au kiko Kisumu. Nazi ilikuwa Kisumu. Nyembe nilizozizoea zilikuwa Kisumu. Kuna siku kiatu changu kilifumuka, mshonaji akakitazama pande zote, akanirudishia akisema uzi wa ngozi utakuja na basi la kesho. Kesho yake nilikwenda kazini na ndara.

Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nchi zetu zilikuwa zimekwisha kupata uhuru, kila moja na bendera yake, kwa hiyo nikawa mtu wa nje, na kila ofisi niliyoingia niliulizwa karatasi zangu na mtu ambaye Kiswahili tulikuwa tunakigawana nusu kwa nusu. Majirani zangu kwenye laini za wafanyakazi walisema Kidholuo wao kwa wao. Kiswahili kilitoka nikitokeza mimi, kama kiti cha wageni, na nikiondoka kilirudishwa ndani. Waliniita Wuod Tanga, yaani mwana wa Tanga. Walinisalimia vizuri sana, wakapita. Jioni nilipika chakula cha mtu mmoja, na sijui kama upo upishi unaochosha kuliko huo.

Ijumaa moja mchana nikaitwa posta. Kulikuwa na simu ya maandishi kutoka kwa dada yangu: mama amefariki, tumemzika jana.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni, maana karani alikuwa ameniambia nisogee awahudumie wengine. Nikasogea. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kiwanda kuomba ruhusa. Akanipa pole, na nadhani ilitoka moyoni, kisha akasema pamba imejaa mpaka uani na mashine kubwa hakuna mwingine anayeijua. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa amekwisha kuzikwa, nitakwenda kufanya nini? Nilitaka kumtukana. Nikasema asante bwana, nikarudi nyumbani.

Basi nikaamua: kama siwezi kumfikia mama, matanga yake nitayaweka hapa hapa. Nilitaka jambo moja tu, mama yangu asiondoke duniani mimi nikiwa nimekaa peke yangu. Mtu mmoja aje akae nami, tunyamaze pamoja.

Kwetu msiba haupigiwi kelele. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba kupiga mayowe ni kumtesa maiti. Mwenye kufiwa anatandika mkeka barazani, anakaa kimya, na jirani akiuona mkeka anajua. Anavua viatu, anakaa, anasema mawili matatu, mwingine anakuja, mpaka baraza linajaa. Sikumbuki hata mara moja mtu wa kwetu aliyelazimika kutamka kwa mdomo wake kwamba mama yake amekufa. Watu walikuja tu.

Jioni ile nikatandika mkeka mbele ya mlango, nikavaa kanzu, nikakaa. Watu walikuwa wanatoka kazini.

"Wuod Tanga! Leo wewe nakula upepo!" mmoja akanipigia kelele kutoka njiani.

"Ee," nikajibu.

"Umevaa smati. Unangoja nani?"

Wakacheka, wakaenda zao. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mtu mzima aliyeuza mchele na vitunguu sokoni, alipita mbio na kapu kichwani. Alikuwa Msabato, na jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia. Alinitupia salamu bila kusimama. Nikakaa pale mpaka mbu wakanifukuza, nikaukunja mkeka.

Jumamosi nikapanda lori la pamba kwenda Migori. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara, Mwislamu mwenzangu, ambaye niliwahi kuswali nyuma yake dukani kwake. Nilitaka aje amsomee mama hitima, au hata aisome palepale dukani. Duka lilikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa barazani akaniambia mzee amevuka mpaka kufuata ng'ombe, atarudi labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Kisha akaniuliza kama nataka kushona suruali. Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu bila kusema kitu, naye akaendelea kukanyaga cherehani yake, na kusema kweli huo ndio ulikuwa ukaribu mkubwa nilioupata siku mbili zile.

Niliporudi Homa Bay nikapitia sokoni kununua mchele. Meza ya jirani yangu ilikuwa tupu, na karibu nusu ya soko hivyo hivyo. Nilikuwa nimesahau Sabato. Nikaenda nikabisha mlangoni kwake, nikamwomba aniuzie mchele na vitunguu kidogo.

"Leo siuzi, nyathina," akasema. Nyathina ni mwanangu. "Leo ni ya Mungu. Mchele hata kesho iko. Una haraka ya nini?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini maneno hayo sikuwa nimewahi kuyasema maishani, na kuyasema nikiwa mlangoni kwa mtu naomba vitunguu niliona ni kama kumtumia mama kununulia mboga. Nikasema sina haraka.

Jumapili asubuhi nilinunua vyote. Nikanunua kuku, nikawachinja mwenyewe, nikapika wali sufuria kubwa niliyoazima kiwandani. Nikapita laini yote nikiwaambia watu, karibuni kwangu alasiri, kuna chakula kidogo. Kwetu maneno hayo, yakisemwa na mtu aliyevaa kanzu, kwa sauti ya chini, yanatosha kabisa.

Walikuja. Ee, walikuja wote! Wanaume wamevaa mashati ya kutokea, wanawake wamefunga vitambaa vipya, na mmoja ameleta gitaa. Walinishika mkono kwa nguvu wakanipongeza. Mimi nilidhani ndivyo wanavyotoa pole huku, nikaitikia. Wakakaa mkekani, wakala, wakausifu wali. Mwenye gitaa akaanza kujaribu nyuzi. Yule mama jirani akazunguka nyumba, akachungulia chumbani, akarudi ameshika kiuno.

"Sasa Wuod Tanga, umetuficha ya kutosha. Bibi arusi iko wapi?"

Wakacheka wote. Nikaangalia nyuso zile zilizofurahi kwa ajili yangu, nikaelewa. Siku tatu walikuwa wakiniona nimevaa kanzu, nimekaa nangoja, nimesafiri Migori, nimerudi nanunua mchele. Walikuwa wamekwisha kuniozesha.

"Hakuna bibi arusi," nikasema. "Mama yangu amekufa."

Gitaa likanyamaza.

"Amekufa lini?"

"Alizikwa Alhamisi."

Yule mama alinitazama, na sijapata kutazamwa kwa hasira namna ile na mtu anayenipenda. "Alhamisi? Mama ya mtu amekufa tangu Alhamisi na hakuna mtu nalia? Wewe nakaa hapo nyumba ya pili, ukuta moja na mimi, na nanyamaza? Kwani sisi ni miti?"

Akaweka mikono miwili kichwani, akatoka uani, akapiga unyende ambao nina hakika uliwafikia wavuvi ziwani. "Uuuwi!" Wanawake wengine wakauchukua. Wakashuka njiani wakilia, wakafika mwisho wa laini, wakarudi, na kila mlango waliopita ulitoa watu. Kila nilichofundishwa kiliniambia niwanyamazishe, na sikutaka hata kidogo wanyamaze.

Aliporudi machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hajapata kumwona mama yangu hata kwenye picha. Akanishika bega. "Sema alikuwa mtu gani. Hatuwezi kulia mtu bure bure."

Nikamwambia. Nilisema alikuwa anauza vitumbua mlangoni kwetu, kwamba mteja akiomba punguzo anamfukuza kisha anamwita arudi, kwamba alikuwa anaimba akichekecha unga na hajui wimbo wowote mpaka mwisho. Nilisema nilipoondoka alikataa kunisindikiza kituoni, akasema ana kazi. Sikuwa nimesema Kiswahili kirefu namna ile tangu nifike mji ule. Yeye akageuka, akayalia yote kwa Kidholuo. Nilisikia neno vitumbua likipita katikati ya maneno nisiyoyajua. Jina hawakulijua, wakamwita Nyar Tanga, binti wa Tanga, kama wanavyomwita kila mwanamke kwa jina la kwao alikotoka. Mimi nikainama nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu, mpaka kifua kikauma.

Walikaa kwangu siku kadhaa, wakipokezana, wanaleta uji na samaki. Kisha wakarudi kwenye kazi zao, na chakula changu kikawa tena cha mtu mmoja, ila mama jirani alikuwa akigonga ukuta asubuhi kunijulia hali.

Ruhusa niliipata msimu wa pamba ulipokwisha. Dada yangu akanipeleka kaburini, kisha akanihadithia msiba ulivyokwenda. Ulikwenda vizuri, alisema. Watu walijaa, chakula kilitosha, shehe alikataza mtu yeyote asipaze sauti, na wote walitii, hata yeye, aliyeuma kanga yake mpaka ikatoboka. Akasema walinihurumia sana, mimi niliyefiwa ugenini peke yangu bila mtu wa kulia nami.

Nikamwambia mama alililiwa Homa Bay, mji mzima ulisikia.

Dada yangu alitazama nyuma kama kuna mtu anatusikia. Kisha akaniomba nimwonyeshe walivyolia.