Siku Nilipomkimbia Mama Mkwe Nikaacha Trela la Gesi

Mkipita na mimi pale Shituru halafu mtu akapiga kelele "Bouton!" nyuma yangu, msishangae nikiinamisha kichwa, kwa sababu jina hilo nimejitafutia mwenyewe, tena mbele ya watu, na leo wacha niwasimulie mkasa wote maana naona kila mtu anausimulia anavyotaka (Kasongo, mwenzangu wa kazi, anasema nililia, uongo mtupu, yale yalikuwa maji).

Kazi yangu ni kushusha gesi. Trela linatoka mbali, linapita mpakani, linafika Likasi limepakwa vumbi jekundu mpaka juu, na ndani yake mna gesi iliyobanwa mpaka ikawa maji, na mimi ndiye ninayefunga mipira na kuitoa humo mpaka kwenye matangi yetu. Nimeizoea kazi, lakini lile tangi sijalizoea. Nikifungua vali, ule mpira unashtuka mikononi mwangu kama kitu kilicho hai, na moyo unanisimama kila mara. Halafu ukimaliza, ukifungua kiungo na ule mfuko mdogo wa gesi uliobaki ukatoka, chuma kinafanya barafu nyeupe papo hapo, huku jua la Oktoba linatuchoma shingo. Barafu, jamani, hapa Likasi! Mara ya kwanza kuiona nilisahau kufunga mdomo, na chef, yaani mkubwa wetu wa kazi, akaniambia nitameza nzi.

Kwa kitu chenye nguvu hivyo lazima kuwe na sheria, na sheria kubwa kuliko zote ni ile ya kitufe, ambacho sisi tunakiita bouton. Anayeshusha anasimama mahali pake, na kila baada ya muda mfupi taa ya njano inawaka, naye anabonyeza ili mashine ijue kwamba mtu yupo na yuko macho. Asipobonyeza, mashine inaamini amekufa: king'ora kinalia, vali zote zinajifunga, na mabomba ya juu yanamwaga maji kwenye trela na matangi yote.

Sasa, wakati huo mke wangu Béa alikuwa na mimba ya kwanza na siku zilikuwa zimekaribia, na kilio chake kilikuwa kimoja tu, anataka mama yake awe nyumbani mtoto akizaliwa. Na mama yake hakuweza kuja, kwa ajili ya buko. Nyinyi wa makabila mengine nisikilizeni: kwetu mwanaume hamwangalii mama mkwe wake usoni, hampi mkono, akimwona njiani anakata kona, na mama mkwe naye haingii nyumbani kwa mkwe, mpaka siku wanapofunguana, mimi nitoe mbuzi, yeye aniletee chakula alichokipika kwa mkono wake. Wajomba wa Béa walikuwa wamekubali tufunguane Jumapili iliyofuata, lakini walinionya kwamba nikikosa adabu hata kidogo kabla ya hapo, tutaanza mazungumzo upya, na mtoto hangetusubiri. Béa alinishika shati akaniambia, "Dieudo, wiki hii tu. Usifanye kitu."

Katikati ya wiki hiyohiyo chef wetu, Papa Ilunga, akatuita mimi na Kasongo.

"Samedi bamama ba paroisse ya Kakontwe batakuya kuangalia namna gaz inashuka," akasema. "Banaogopa, banasema gaz itabalipukia mu nyumba, banabakia na makala yabo ya kupikia. Dieudo, weye njo utabaonyesha. Uko na kitu ya kusema?"

Nilikuwa nacho! Parokia ya Kakontwe ndiyo parokia ya mama mkwe wangu. Ningesema neno moja tu, chef angecheka, angempa Kasongo kazi ile, basi. Lakini nilimtazama Kasongo, nikaona ameshaanza kuinyoosha kola yake kana kwamba ndiye aliyechaguliwa, nikajiambia wale akina mama ni wengi, mama mkwe goti linamsumbua, hatakuja.

"Hapana, chef," nikajibu. "Niko sawa."

Jumamosi wakashuka na vitenge vyao vya sare, wakiimba. Mlinzi aliwawekea kitunga getini cha kuacha simu, na simu zikatoka kwenye vilemba, vifuani, mahali ambapo mlinzi ilibidi aangalie angani. Wakapangwa nyuma ya mstari. Mimi niliwapa mgongo, nikafanya kazi yangu taratibu na kwa madaha (nakiri, hata vigingi vya magurudumu nilivitia kwa madaha): nikafunga waya wa ardhini, nikafunga mipira, nikapiga kelele kwa Kasongo aliyekuwa kule kwenye kompresa nyuma ya matangi, nikafungua vali. Mpira ukashtuka. Nyimbo zote zikakatika.

"Yesu wangu," sauti moja ikasema nyuma yangu, polepole, "inapumua."

Nikavimba kichwa. Nikabonyeza kitufe, nikageuka niwaeleze, na mtu wa kwanza niliyemwona, mstari wa mbele, mrefu, na goti lake zima kabisa, ni Mama Béa.

Yeye alikuwa na adabu zake, palepale alijifunika uso kwa kitenge akageukia ukuta. Mimi miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya magurudumu ya trela, nimekumbatia tairi, nikamsikia chef akiniita, "Dieudo! Weye uko wapi? Onyesha bamama mupira!" nami nikawaza nikae hapo kidogo tu, labda atasogea. Kutoka pale chini niliona miguu ya akina mama peke yake. Taa ya njano sikuiona.

King'ora kikalia. Vali zikajifunga, pa, pa, pa, na mpira ukalegea kama umepigwa na usingizi. Halafu maji. Jamani, mabomba yale tulikuwa tunayajaribu moja moja, sikuwa nimeyaona yakifunguka yote pamoja. Ukuta mweupe ulishuka kwa kishindo juu ya trela lile kubwa, likapotea ndani, na jua likapita humo likatoka na rangi zote, na kwa dakika hiyo, wallahi, nilisahau mke, nilisahau mkwe, nikabaki nimesimama na maji yakiniingia mdomoni nikiyaangalia. Yote yale yalikuwa yametoka kwa sababu mashine ilidhani nimekufa, ikaamua kuwakinga waliobaki.

Upepo ukayabeba mpaka kwa akina mama. Wakatawanyika wakilia "Mama yangu!" kuelekea getini, kwenye kibao cha kukusanyikia, na mimi nami sheria inanitaka nikimbilie palepale. Lakini yeye yuko palepale! Nikafanya nilichoona ni busara: nikavua kofia ngumu, nikaifunika usoni, nikakimbia bila kuona.

Niligonga mtu. Tukaanguka wote wawili kwenye tope jekundu, na nilipoitoa kofia nilikuwa nimeshika ndala moja, na mwenye ndala alikuwa amekaa mbele yangu bila kilemba.

"Aaa! Buko!" akina mama wakapiga vifijo, wengine wakacheka mpaka wakashikana. Chef akafika anapumua juu juu. "Nani alikuwa ku bouton?" Akilini nilimwona Béa akizaa bila mama yake, na mimi ndiye niliyesababisha. Nikalia kidogo (haya, Kasongo, umeshinda).

Ndipo mama mkwe akanisemesha, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Tata. Ile kintu inaweza kutuua shiye bote?"

"Ndiyo, mama," nikaliambia tope.

"Na weye uliiacha juu ya kuniogopa minye?"

"Ndiyo, mama."

Akaligeukia trela lililokuwa bado linachuruzika maji, akaliangalia kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka magurudumu ya nyuma, na mimi nikaliangalia pamoja naye.

"Ee Mungu," akasema, "minye niko mukubwa vile?" Kisha akaninyooshea mkono nimpe ndala yake. "Mutoto anakuya. Kama unakimbia kila mara unaniona, nani atabakia ku bouton? Buko njo imeisha hapa. Mbuzi utaleta, tena ya kunona. Minye leo nalala kwenu."

Wajomba walinung'unika, wakaongeza mbuzi wa pili kwa ajili ya tope, wakanyamaza, maana aliyetakiwa kukasirika alikuwa ameshahamia kwangu na sufuria yake ya samaki wa ziwa Tshangalele. Chef alinitoa kwenye kushusha akanipa ufagio, Kasongo akashika mahali pangu akiwa amenyoosha kola, na ilibidi nijifunze upya kila kitu kabla sijarudishwa. La ajabu ni wale akina mama: wengi walikuja kuchukua gesi, wakisema kintu kinachojimwagia maji chenyewe kina akili kuliko aliyekishika.

Béa alijifungua msichana, mama yake amemshika mkono. Mimi nimeapa: nikiwa na neno la kumwambia chef nitalisema, hata Kasongo akivaa tai, na nikiwa mahali pangu sitoki hata aje askofu. Nyumbani nako hawanisahaulishi. Mtoto akilia, Béa akiwa amechoka na mimi nikajifanya nimelala, nasikia sauti kutoka chumba cha pili, tulivu kabisa:

"Dieudo. Bouton."

Na ninaamka.